Gango la plastiki na kiganja kilicholala: jibu kwa dada wa Langoni

Swali: Assalaam aleikum. Mume wangu ni fundi wa nakshi za milango hapa Lamu. Siku 19 zilizopita aliangushwa na punda karibu na gati, akavunjika mkono wa kulia baina ya bega na kisugudi. Ngozi haikupasuka. Tangu dakika ile kiganja kimelala, hawezi kukiinua wala kunyoosha vidole. Hospitali walimfunga plasta siku 10, kisha wakamvika ganda la plastiki lenye mikanda, wakasema turudi kupigwa picha na tusikose wiki ya 6. Kakake anasema tumetelekezwa, twende Mombasa atiwe chuma. Mama mkwe anataka aletwe mkandaji. Mimi nimembebesha mkono kwa leso ili usimlemee. Je, hilo ganda litaunga mfupa? Na kiganja kitaamka?

Jibu: Waaleikum salaam dadangu. Kabla hujasoma mbele, nenda kamfungue hiyo leso, kisha urudi.

Najua umeifunga kwa huruma. Hapa Malindi kila mwezi naona mke au mama aliyefanya hivyo hivyo. Lakini leso hubeba mkono kuanzia kisugudini na kuusukuma mfupa juu. Mfupa huu si kama wa mguu. Haubebi mwili, unaning'inia tu, na uzito wa mkono wenyewe ukiachwa uvute chini ndio unaoviweka vile vipande viwili kwenye mstari. Kisugudi kikiinuliwa, vipande vinasukumana na kupindana. Anachohitaji fundi ni kitanzi cha shingoni kinachoshika kifundo cha mkono peke yake, kisugudi kikibaki huru kando ya ubavu. Leso hiyo hiyo, ukiikunja iwe ukanda wa vidole vitatu, inatosha. (Nasema kisugudi kwa pale mkono unapokunjika katikati. Wengine hupaita kivi, wengine kiwiko, na wapo wanaoita kiwiko pale penye saa. Nimewahi kuona agizo la hospitali likifuatwa kwenye kiungo kisicho chake kwa sababu ya neno hilo moja.)

Adui wa pili nyumbani kwenu ni baraza. Naijua Lamu: mwanamume aliyekatazwa kazi ataketi barazani tangu alasiri hadi isha, na akiketi ataegemea. Akikitia kisugudi kile juu ya jiwe, au juu ya mkono wa kiti, mfupa unatuna kwa nje kama upinde. Aketi atakavyo, azungumze na watu, ila mkono uning'inie.

Sasa hilo ganda. Hospitali huliita bresi. Mimi nashikilia neno la zamani, gango, maana kazi yake ni kuganga. Njia hii ilienezwa na Augusto Sarmiento, daktari wa mifupa mzaliwa wa Kolombia aliyefanya kazi Marekani, alipochapisha matokeo yake mwaka 1977. Fikra yake haina makuu. Mkono wa juu ni mfupa mmoja uliozungukwa na nyama pande zote. Ukiizingira nyama hiyo kwa ganda gumu linalobana sawasawa, haina pa kukimbilia, nayo inaushika mfupa kila upande. Bega na kisugudi vinaachwa wazi, kwa hiyo kila mgonjwa anapokunja na kukunjua mkono, misuli inajaa na kusinyaa ndani ya ganda, na mfupa unatikisika kidogo sana. Mtikisiko huo mdogo haudhuru. Ndio unaouamsha mwili kutengeneza mfupa mpya pale palipovunjika. Plasta ya siku 10 za mwanzo ilikuwa ya kungojea uvimbe na maumivu yapungue. Kumhamisha kwenda kwenye gango ndiyo hatua inayofuata kwa kawaida. Waliofanya hivyo walijua wafanyalo.

Mwaka 2000 Sarmiento na wenzake walitoa hesabu ya wagonjwa 620 waliofuatiliwa hadi mwisho. Kwa wale ambao ngozi haikupasuka, kama mumeo, walioshindwa kuunga hawakufika 2 katika 100. Wenye jeraha wazi walikuwa 6 katika 100. Wengine waliojaribu baadaye hawakupata hesabu tamu kiasi hicho. Huko Ufini, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uligawanya watu 82: baadhi wakapasuliwa na kutiwa chuma, baadhi wakavikwa gango. Baada ya mwaka mmoja mikono ya makundi yote mawili ilifanya kazi karibu sawa, lakini takriban watu 3 katika kila 10 waliovikwa gango walikuwa wameishia kupasuliwa njiani, wengi wao kwa kuwa mfupa ulikawia au ulikataa kuunga. Kwa hiyo kakake hajakosea kuuliza. Amekosea kudhani gango ni njia ya kukwepa kazi. Ni tiba kamili inayodai ufuatiliaji, na ufuatiliaji ndipo watu wetu wanapoachia, hasa nauli ya mashua na basi inapohesabiwa.

Wiki ya 6 si siku ya kupiga picha tu. Daktari atashika juu na chini ya mvunjiko na kuusikiliza kwa mikono yake. Ukiwa umeshikamana, mkono unakwenda kitu kimoja. Ukicheza waziwazi kama bawaba, hata kama picha inaonyesha wingu la mfupa mpya, hapo ndipo mazungumzo ya chuma huanza kwa haki. Mwombeni afanye hivyo asipofanya mwenyewe. Kabla ya hapo picha za wiki za mwanzo ni za kuangalia mstari tu. Na mkionyeshwa picha, msishtuke mkiona mfupa umepinda. Kupinda hadi digrii 20 kwa mbele au nyuma, hadi digrii 30 kwa upande, na hata kufupika kwa sentimita 2 au 3, mkono huu huvumilia. Bega linazunguka pande zote na kufidia, na akivaa kanzu hakuna atakayejua.

Kuhusu kulivaa. Ganda lianze vidole viwili chini ya kwapa na liishie juu kidogo ya zile nundu mbili za kisugudi, ili kisugudi kikunjike bila kukwaruzwa. Uvimbe ukinywea, ganda hulegea na kuteleza chini, na gango lililolegea ni pambo. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni kaza mikanda, mpaka libane bila kuuma. Ndani avae soksi ya pamba, au mkono wa fulana kuukuu uliokatwa, ubadilishwe kila siku. Kaskazi hii jasho halikauki, na upele chini ya plastiki huwafanya watu walivue kabla ya wakati. Asipakwe mafuta ndani yake. Wiki hizi za mwanzo alale nusu ameketi, mito mitatu mgongoni. Mara tatu au nne kwa siku ainame mbele, mkono mzima ukishika meza, auache mkono mbovu uyumbe taratibu kama ndoo kisimani. Akunje na kunyoosha kisugudi. Asichofanya ni kuuinua mkono kwa kando kwa nguvu zake mwenyewe, kwani hapo uzito wote unakunjia penye mvunjiko. Na akishuka mashuani, atakayempa mkono amshike ule wa kushoto. Mwambie mapema, maana manahodha hawaulizi.

Swala: aswali ameketi, asijiinue kwa kuukanyagia mkono ule. Gango lenyewe linaishia juu ya mpaka wa tawadha. La fiqhi waulizeni masheikh, mimi nasema la mfupa.

Nije kwenye kiganja, ambacho nadhani ndicho kinachokunyima usingizi.

Kwetu pwani "mshipa" ni jina la vitu vitatu: unaopitisha damu, unaovuta kidole, na unaopeleka amri kutoka ubongoni. (Upo na wa nne, ambao wanaume hawautaji mbele za watu.) Mama mkwe akisema mshipa umehama, na daktari akisema mshipa umeumia, hawazungumzi kitu kimoja. Huu wa amri ndio neva, na iliyoumia kwa mumeo ni neva ya radiali. Inatoka kwapani, inazunguka nyuma ya mfupa kama mzabibu juu ya nguzo, kisha inajitokeza upande wa nje juu ya kisugudi. Nyuma pale inapita karibu kugusana na mfupa. Chini zaidi inapenya utando mgumu unaoishika mahali pamoja, kwa hiyo mfupa unapopasuka haina nafasi ya kukwepa. Kati ya watu 100 wanaovunjika mahali hapa, takriban 12 huamka na kiganja kilicholala. Mumeo si ajabu wala si bahati mbaya iliyomchagua yeye.

Mwingereza Herbert Seddon mwaka 1943 aligawa majeraha ya neva mafungu matatu, na mimi huyaeleza kwa kamba ya jahazi iliyovikwa ala. La kwanza, kamba imekanyagwa: kila uzi upo, ila amri hazipiti kwa muda. Hurudi kwa wiki chache hadi miezi michache. La pili, nyuzi za ndani zimekatika lakini ala ni nzima. Nyuzi huota upya ndani ya ala yao, kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 kwa mwezi. La tatu, kamba na ala vyote vimekatika. Hapo haiungi bila mpasuaji. Mvunjiko wa ndani, ngozi nzima, mtu ameanguka tu, mara nyingi huwa fungu la kwanza au la pili. Ndiyo maana tafiti zinataja kati ya wagonjwa 70 na 90 katika 100 ambao neva yao hurudi yenyewe bila kisu. Dalili ya kwanza huja mara nyingi karibu na wiki ya 7, na kupona kabisa huchukua miezi 6 hivi. Siku 19 ni mapema mno kulia.

Neva ikiota na kufika kwenye kiganja kilichokakamaa, imefika nyumba iliyofungwa. Hapa ndipo namlaumu aliyewahudumia, kwa sababu katika barua yako sioni popote kwamba alipewa kitu cha kukishika kifundo. Gango linashughulikia mfupa tu. Anahitaji splinti ya pili, ndogo, ya kuinua kifundo kwa nyuma kama digrii 30. Ziko zenye bati ndani zinazouzwa kwenye maduka ya dawa, na chumba cha plasta kinaweza kutengeneza ya plasta kwa dakika kumi.

Jaribu wewe mwenyewe uone kwa nini. Kikunje kifundo chako cha kulia kabisa kwa chini, kiganja kielekee tumboni, sasa bana kwa nguvu kidole cha mkono wako wa kushoto. Huwezi. Sasa inua kifundo kwa nyuma, ubane tena. Nguvu zimerudi zote, na hakuna msuli wowote ulioongezwa. Vidole vya mumeo vya kufumba vina uhai wote. Vinakosa nguvu kwa kuwa kifundo kimeanguka. Mvishe splinti, na siku hiyo hiyo ataweza kushika kikombe. Nimeona mzee akilia kwa hilo, kikombe tu.

Asiivae saa zote bila kupumzika. Mara nne kwa siku ivue, na wewe, kwa mkono wako, inua kifundo chake hadi mwisho, nyoosha vidole kimoja kimoja kuanzia penye nundu za ngumi, kisha tanua kidole gumba mbali na cha shahada. Yeye anaweza kufumba lakini hawezi kufumbua, kwa hiyo mkono mzima au mtu mwingine ndiye wa kufumbua. Angalieni pia ile ngozi ya nyuma ya kiganja baina ya gumba na kidole cha shahada: haina hisia sasa, na mtu huungua hapo kwenye jiko au birika bila kujua.

Mtahangaika kutafuta dalili, kwa hiyo mjue pa kutafuta na pa kutodanganyika. Neva huamsha misuli kwa utaratibu wake, ya karibu kwanza. Wa kwanza ni ule unaotokeza chini ya kisugudi upande wa gumba: mwambie akunje kisugudi taratibu, gumba likiangalia juu, nawe uweke vidole viwili pale. Ukisikia kamba imekazana hata kidogo, andika tarehe. Kisha kifundo kitaanza kuinuka, tena kwa mshazari kuelekea gumba; huo ni mwendo wa kawaida, haujaharibika. Baadaye vidole penye nundu za ngumi, na mwisho kabisa gumba.

Dalili za uongo ziko mbili. Ya kwanza, akishikiliwa kifundo ataweza kunyoosha ncha za vidole, na nyumba nzima itapiga vigelegele. Misuli midogo ya kiganja inayofanya hivyo hupewa amri na neva nyingine kabisa, ambayo haikuumia. Ya pili, akifumba ngumi kwa nguvu kisha akaiachia ghafla, kifundo kitaruka juu kidogo. Hiyo ni kano kurejea mahali pake tu. Zaidi ya hapo, mtaalamu wa viungo anaweza kugonga kwa ncha ya kidole kando ya njia ya neva, akitafuta mahali mgonjwa anaposikia umeme ukimshukia kuelekea kwenye gumba. Mimi hupima kwa tepu kutoka kisugudini na kuandika namba kwenye kadi. Mwezi ujao mahali hapo pakiwa pameshuka sentimita 2 au 3, naondoka nimetulia hata kama kiganja bado hakijainuka.

Mkandaji. Sina ugomvi na wakandaji wa misuli iliyokaza, wapo ninaowaheshimu. Lakini hapa mvunjiko na neva vimelala mahali pamoja, na kidole gumba cha mkandaji kikizama pale, kinaisugua neva juu ya ncha ya mfupa. Msuli uliopondwa na kukandwa unaweza pia kuota mfupa ndani yake. La vijiti vilivyofungwa kwa nguvu sitalizungumza kwa upole: miaka ya nyuma nililetewa mvuvi kijana aliyefungwa fito za makuti kwa siku 5, vidole vimekuwa vyeusi. Mkono haukuokolewa. Mwambie mama mkwe, kwa adabu yake yote, kwamba mafuta ya nazi akampake mabegani na mgongoni, na mtamshukuru.

Mombasa, basi, lini? Ingekuwa leo kama ngozi ingepasuka, kama angekatwa panga au kupigwa risasi, kama vidole vingekuwa baridi na vimepauka, au kama angevunjika na mkono wa chini wa upande huo huo. Pia swali la kwanza la mpasuaji ni kama kiganja kililala palepale alipoanguka au baada ya kuvutwa hospitalini, maana la pili humfanya afikirie zaidi. Wewe umeshalijibu: tangu dakika ile. Lisemeni hivyo hivyo, na liandikwe. Kumpasua sasa kwa ajili ya neva iliyopondwa kuna hatari yake, kwani chuma huwekwa mfupani palepale neva inapopita, na wapo wanaoingia chumba cha upasuaji na kiganja kizima wakatoka kimelala.

Yakifika miezi 3 hadi 4 bila mtikisiko wowote wa ule msuli wa kwanza, hapo msingoje tena. Pandeni mashua hadi Mokowe na basi la Garsen, afanyiwe kipimo cha umeme wa neva na misuli, na mpasuaji aamue kama ni ya kufungua na kuunga. Kipimo hicho kikifanywa kabla ya wiki ya 3 au 4 hudanganya, msikubali kukilipia mapema. Na hata neva isiporudi kabisa, baada ya mwaka hivi mpasuaji anaweza kuchukua kano inayofanya kazi upande wa kiganja na kuipitisha nyuma iinue kifundo na vidole. Kwa neva hii, upasuaji huo hufaulu vizuri kuliko kwa nyingi nyingine. Kama hamjajiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, fanyeni wiki hii, mkiwa hamna haraka.

Usiku huu huu mpelekeni hospitali maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikipauka au kuwa vya samawati, ganzi ikienea kiganja chote, au homa ikimpanda. Uvimbe wa kiganja peke yake si wa kuogopa sana. Mkono unaoning'inia hujaa maji. Mfumbue na umfumbe vidole, utashuka.

Sigara, kama anavuta, mfupa haumsamehi. Naomba asidhani hilo ni neno la kujazia karatasi.

Kuhusu kazi: gango huvaliwa wiki 8 hadi 12 kwa kawaida. Nyundo ya mbao asiiguse mpaka mfupa uwe umethibitishwa na kifundo kinainuka chenyewe dhidi ya uzito, kwa sababu kila pigo la patasi hurudi mkononi. Kuchora maua kwenye mbao kwa mkono wa kushoto, kuchagua mti, kumsimamia mwanafunzi wake akichimba, hayo yote anaweza kuanzia kesho, alimradi meza isigeuke baraza. Ukipata splinti, niandikie imeshika kifundo kwa kiasi gani, na ile tarehe ya msuli wa kwanza mtakapoisikia. Ikiwa kabla ya wiki ya 6, mwonyeshe daktari siku hiyo hiyo mnapokwenda kupiga picha; mwambie akunje kisugudi mbele yake, gumba likiangalia juu.